Upanuzi Umelipiwa Lakini Haufunguki: Utatuzi wa Matatizo katika Pokémon Scarlet na Pokémon Violet

Mtu akilipia upanuzi wa mchezo hutarajia kwamba malipo yakishapita, ulimwengu mpya utamfungukia mara moja. Kwa michezo pacha ya Pokémon Scarlet na Pokémon Violet, inayochezwa kwenye konsoli ya Nintendo Switch, malipo ni kufuli moja tu kati ya tatu. Ya kwanza ni sasisho la mchezo wenyewe, ambalo ni la bure na kila mchezaji hulipakua. Ya pili ni haki ya kutumia kifurushi kilichonunuliwa, ambayo hufungamana na akaunti na konsoli. Ya tatu ni hatua ambayo mchezaji amefikia katika hadithi, na hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi. Kila nilipoombwa kuangalia konsoli ya mtu ambaye upanuzi wake "umegoma", karibu mara zote nilikuta amehangaika saa nzima na kufuli iliyokwisha kufunguka zamani, huku ile iliyofungwa hajaigusa.

Upanuzi wenyewe unaitwa The Hidden Treasure of Area Zero na una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, The Teal Mask, ilitoka tarehe 13 Septemba 2023 na humpeleka mchezaji katika nchi ya Kitakami. Ya pili, The Indigo Disk, ilitoka tarehe 14 Desemba 2023 na humpeleka katika shule ya Blueberry Academy. Tarehe 11 Januari 2024 likaongezwa hitimisho fupi liitwalo Mochi Mayhem. Sehemu hizo mbili huuzwa pamoja kama kifurushi kimoja, na jambo hilo lina maana kubwa katika uchunguzi: aliyeingia Kitakami kwa akaunti yake na konsoli yake amekwisha kupata haki ya sehemu ya pili pia, kwa hiyo The Indigo Disk ikimgomea, asitafute kosa kwenye malipo. Sababu iko kwenye sasisho au kwenye hadithi.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Kumbukumbu ya safari yako, yaani Pokémon (viumbe wa mchezo) wote uliowakamata, vyeo na vifaa, hukaa ndani ya konsoli yenyewe. Haikai kwenye kadi ya mchezo wala kwenye kadi ya microSD. Aidha, michezo hii haikubali huduma ya Nintendo ya kuhifadhi kumbukumbu mtandaoni, hivyo hakuna nakala inayokusubiri mahali pengine ukiifuta. Kufuta mchezo ili uupakue upya hakufuti kumbukumbu hiyo, kwa kuwa konsoli huvitunza vitu hivyo viwili mahali tofauti. Hata hivyo, katika mipangilio ya usimamizi wa data ipo sehemu nyingine inayofuta kumbukumbu yenyewe, na mtu mwenye haraka anaweza kuingia huko akidhani anapunguza mzigo wa mchezo. Hakuna tatizo lolote katika maelezo haya linalodai uifute kumbukumbu yako, na anayekushauri kufanya hivyo ili upanuzi ufunguke usimfuate.

Dalili ya kwanza: mchezo unafunguka vizuri, lakini hakuna dalili yoyote ya Kitakami

Anza na sasisho, kwa sababu kulikagua ni kazi ya dakika moja. Ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa konsoli, weka alama juu ya aikoni ya mchezo bila kuufungua, kisha bonyeza kitufe cha +. Ukurasa utakaotokea unaonyesha jina la mchezo pamoja na namba ya toleo lake. The Teal Mask inahitaji toleo la 2.0.1 au la juu zaidi, na The Indigo Disk inahitaji 3.0.0 au zaidi. Ukiona namba inayoanza na 1, umepata jibu: katika ukurasa huohuo chagua sehemu ya kusasisha programu kupitia intaneti, usubiri ikamilike. Hali hii huwapata zaidi wanaocheza kwa kadi waliyonunua siku ya kwanza, mwezi Novemba 2022, na ambao konsoli yao haiunganishwi na intaneti mara kwa mara, kwani kadi hubeba mchezo ulivyokuwa siku ulipotengenezwa na kila kilichofuata hupakuliwa.

Namba ikiwa sawa, nenda kwenye hadithi. Safari ya Kitakami haianzi kwenye menyu, wala hakuna kitufe cha "anza upanuzi" popote ndani ya mchezo. Huanza kwa simu. Mwalimu Jacq hukupigia na kukuita kwenye ukumbi wa kuingilia wa shule yako iliyoko Mesagoza, na huko ndiko unakokutana na Briar, mwalimu wa Blueberry Academy anayeongoza msafara. Simu hiyo haiji mpaka msako wa hazina uwe umetangazwa rasmi shuleni, yaani uwe umepita utangulizi wote, umeshahudhuria sherehe ya mkurugenzi na kuruhusiwa kwenda utakako katika nchi ya Paldea. Aliyeanza mchezo leo kwa hamu ya kuona nchi mpya hana budi kucheza utangulizi huo kwanza. Ni mrefu, na hauna njia ya mkato.

Ikiwa umeshapita hapo na simu bado haijalia, hakikisha huko katika kundi la wachezaji wengine mtandaoni, humo katikati ya kazi nyingine ya hadithi, na hujasimama ndani ya jengo. Hifadhi mchezo, ufunge kabisa kutoka ukurasa wa mwanzo, ufungue tena, kisha tembea nje kidogo. Kama kimya kinaendelea, nenda mwenyewe mpaka kwenye ukumbi wa shule. Jacq asipokuwepo wakati toleo ni sahihi na msako wa hazina umeanza, hapo ndipo una sababu ya kuishuku ile kufuli ya pili, ambayo nitaieleza kwa urefu kidogo baadaye.

Dalili ya pili: Kitakami nimemaliza na mimi ni Bingwa, lakini Blueberry Academy haifunguki

Hili ndilo swali linalonijia kuliko yote, na anayeuliza huwa na uhakika kamili kwamba mchezo ameumaliza. Mara nyingi hajaumaliza. The Indigo Disk inadai mambo mawili yawe yametimia: hadithi ya The Teal Mask iwe imekwisha, na hadithi kuu ya Paldea iwe imekwisha. Kuwa Bingwa ni mwisho wa njia moja tu katika hadithi hiyo ya Paldea.

Hadithi ya Paldea ina njia tatu. Victory Road ina kumbi nane za mapambano, Path of Legends ina viumbe wakubwa watano, na Starfall Street ina kambi tano za Team Star, kundi la wanafunzi watukutu. Jumla ya beji ni 18. Lakini hata beji zote 18 hazitoshi, kwa sababu kila njia ina pambano la kufunga ambalo haliandikwi kwenye orodha ya beji. Baada ya kumbi nane kuna mtihani wa Ligi, kisha pambano na Nemona mjini Mesagoza. Baada ya wale viumbe watano, Arven anakusubiri kwenye mnara wa taa wa Poco Path, na wengi hawarudi huko kwa kuwa ni sehemu waliyoipita dakika za mwanzo kabisa za mchezo. Baada ya kambi tano, lipo pambano la mwisho na yule anayejiita Cassiopeia katika uwanja wa shule usiku. Njia zote tatu zikifungwa ndipo huja sura ya nne, The Way Home, ambamo unashuka katika shimo kuu la Area Zero pamoja na Nemona, Arven na Penny. Ile orodha ndefu ya majina ya watengenezaji ikishapita kwenye skrini, hapo ndipo hadithi kuu inahesabiwa kuwa imekwisha.

Niliwahi kuketi na kijana aliyekuwa na Pokémon sita, wote wa kiwango cha 80 na zaidi, ambaye alikuwa ameipakua nyongeza mara tatu akiamini faili zimeharibika. Nilimwomba afungue ramani. Pale Poco Path, pembeni kabisa mwa ramani, palikuwa na alama ndogo inayoonyesha kwamba kuna mtu anamsubiri. Arven alikuwa amesimama pale kwenye mnara kwa miezi kadhaa. Tulikwenda, tukapigana, tukashuka Area Zero jioni ileile, na kesho yake simu kutoka shuleni ililia yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufuta au kupakua chochote, fungua ramani uitazame polepole kutoka kona moja hadi nyingine, ukitafuta alama za hadithi ulizoziacha.

Upande wa Kitakami nao usiuache bila kuukagua. Kushinda mapambano machache na kupiga picha kwenye vibao vya historia ni katikati ya hadithi. Inakwisha pale Ogerpon, Pokémon mkuu wa hadithi hiyo, anapokubali kuungana nawe na mazungumzo yanayofuata yakaisha.

Dalili ya tatu: duka linasema nimenunua, konsoli inakataa

Hapa ndipo kufuli ya pili. Sababu ya kwanza ya kukagua ni ile inayouma zaidi, nayo ni kununua kifurushi cha pacha asiye wako. Kifurushi cha Scarlet hakifanyi kazi katika Violet, wala cha Violet katika Scarlet. Katika Nintendo eShop, duka la mtandaoni la Nintendo, picha zake zinafanana sana, na jina la upanuzi ni lilelile, isipokuwa neno moja linalotaja mchezo. Linganisha neno hilo katika historia ya manunuzi ya akaunti yako na neno lililoandikwa kwenye kadi yako. Yakitofautiana, hakuna mpangilio wowote wa konsoli utakaoyapatanisha. Kilichobaki ni kuwasiliana na huduma kwa wateja ya duka, ukijua kwamba bidhaa za kidijitali kwa kawaida hazirudishwi, au kununua kile kinacholingana na mchezo wako. Nasisitiza jambo hili kwa wazazi na walezi wanaonunua zawadi: mwombeni mtoto awaonyeshe kadi yenyewe, kwa sababu rangi ya konsoli au picha aliyobandika ukutani haithibitishi ana mchezo gani.

Sababu ya pili ni eneo la akaunti. Kila akaunti ya Nintendo imesajiliwa katika nchi fulani, na Nintendo huonya kwamba nyongeza iliyonunuliwa katika duka la eneo moja inaweza isikubaliane na mchezo uliouzwa kwa ajili ya eneo jingine. Njia salama ni kununua nyongeza katika eneo lilelile ambalo mchezo ulitoka.

Sababu ya tatu ni konsoli inayotumika. Tangu sasisho la mfumo la mwezi Aprili 2025, michezo na nyongeza za kidijitali hushughulikiwa kama kadi pepe, ambayo huwekwa katika konsoli moja kwa wakati mmoja na kuhamishwa kama mtu anavyohamisha kadi halisi. Mwenye konsoli mbili anaweza kukuta mchezo uko hapa na haki ya nyongeza iko kule. Fungua sehemu ya kadi pepe katika menyu ya mwanzo, uangalie kama nyongeza imewekwa katika konsoli unayoitumia. Kama haijawekwa, ihamishe ukiwa umeunganishwa na intaneti.

Kuna pia mkanganyiko wa watu kadhaa kutumia konsoli moja. Dada akinunua nyongeza na kaka naye akacheza katika konsoli ileile, kwa kawaida wote wawili wanaweza kuitumia. Kumbukumbu ya safari, hata hivyo, ni ya kila mtumiaji peke yake. Kaka anapofungua mchezo kwa jina lake kwa mara ya kwanza, hukutana na mtoto mpya anayehamia Paldea, hana beji wala safari yoyote nyuma yake, na ni lazima asubiri msako wa hazina kama mchezaji mwingine yeyote. Hapo nyongeza haijapotea.

Yote yakionekana sawa na bado hakuna kitu, ingia Nintendo eShop kwa akaunti iliyonunua, fungua ukurasa wa upanuzi, na uangalie kama kuna alama ya kupakua. Nyongeza yenyewe ni ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya data za nchi mpya huja ndani ya sasisho la bure, kwa hiyo usishangae ikimalizika mara moja. Kisha izime konsoli na kuiwasha upya: shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde tatu, menyu ya nguvu itokee, uchague kuwasha upya. Kuilaza tu na kuiamsha hakutoshi.

Dalili ya nne: sasisho halimaliziki kupakuliwa

Tazama nafasi kwanza. Nintendo Switch ya kawaida ina hifadhi ya ndani ya GB 32, ile ya OLED ina GB 64, na sehemu ya nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa na mfumo. Kama hifadhi imejaa, chagua mchezo usioucheza siku hizi na uuweke katika hali iitwayo Archive, ambayo huondoa data za mchezo na kubakiza aikoni pamoja na safari yako. Picha na video ulizorekodi nazo hula nafasi kuliko mtu anavyodhani.

Nafasi ikiwepo na bado upakuaji unasuasua, fahamu kwamba konsoli husimamisha upakuaji pale unapocheza mtandaoni. Acha kucheza, ichomeke kwenye umeme, ilaze, na uisogeze karibu na kifaa cha Wi-Fi. Upakuaji huendelea ikiwa imelala.

Mwenye Switch 2 azingatie kwamba konsoli hiyo hupokea kadi za microSD Express pekee kwa ajili ya michezo. Kadi ya zamani iliyojaa michezo ya Switch ya kwanza haitamsaidia hapo, atapakua upya.

Dalili ya tano: mchezo unakwama, unajifunga, au picha zinakatikakatika

Yapo mambo mawili hapa, na ni vema yatenganishwe. Picha kukatika, wahusika wa mbali kusogea kwa kurukaruka, na mandhari kuchelewa kujichora ni tabia inayojulikana ya michezo hii kwenye Switch ya kwanza, na watengenezaji wenyewe waliitambua katika maelezo ya sasisho la Desemba 2022. Hupungua ukifunga mchezo kabisa na kuufungua upya baada ya saa kadhaa za kucheza mfululizo. Switch 2 ilipotoka mwaka 2025, michezo hii ilipewa sasisho la bure linaloifanya iende kwa ulaini zaidi katika konsoli hiyo. Katika Switch ya zamani hakuna mpangilio utakaoiondoa tabia hii moja kwa moja, wala haimaanishi kwamba nyongeza yako imeharibika.

Mchezo kujifunga na kukurudisha kwenye ukurasa wa mwanzo kila unapoingia mahali palepale ni jambo jingine, na hapo kushuku faili ni sahihi. Weka alama juu ya aikoni, bonyeza +, ingia sehemu ya kusimamia programu, uchague kukagua data zilizoharibika. Konsoli huchukua dakika kadhaa ikisoma, kisha hukuambia kama kuna kasoro na hujitolea kupakua upya kilichoharibika. Kasoro zikirudi mara kwa mara, chanzo huwa ni kadi ya microSD. Zima konsoli, itoe kadi, uirudishe vizuri, na ikishindikana uhamishie mchezo kwenye hifadhi ya ndani. Kwa Switch ya kwanza, Nintendo hupendekeza kadi za UHS-I zenye kasi ya kusoma ya MB 60 hadi 95 kwa sekunde. Kadi ya bei rahisi yenye jina lisilojulikana ndiyo mara nyingi inayokuja na matatizo ya aina hii.

Ikiwa konsoli yenyewe imeganda na haiitikii kitufe chochote, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 12 au zaidi mpaka izime. Ukifungua mchezo na kukuta kumbukumbu yako haifunguki au imehifadhiwa mahali pabaya, usianze safari mpya. Kwenye skrini ya jina la mchezo, kabla ya kuendelea, bonyeza kwa pamoja mshale wa juu, X na B. Mchezo utakuonyesha nakala ya akiba iliyotangulia, pamoja na saa na mahali ulipokuwa. Soma maelezo hayo kwa makini kabla ya kukubali, kwa sababu ukiifungua na kuhifadhi juu yake, ile ya baadaye haitapatikana tena.

Dalili ya sita: niko ndani ya upanuzi, lakini kitu fulani hakionekani

Mengi ya malalamiko ya aina hii si hitilafu. Mchezo una masharti, na hauyatangazi kwa sauti.

Ursaluna wa mwezi mwekundu, anayetafutwa na mpiga picha Perrin katika Kitakami, hutokea baada ya hadithi ya The Teal Mask kwisha na baada ya kusajili Pokémon 150 katika kitabu cha Kitakami chenye jumla ya 200. Aliye na 149 atazungumza na Perrin kutwa nzima bila kupata kitu, hivyo fungua kitabu uhesabu.

Pokémon wa kuanzia wa vizazi vilivyopita ndani ya Terarium, mazingira makubwa ya ndani ya Blueberry Academy, hawatokei kwa kutafutwa. Terarium ina maeneo manne, na kila eneo hupandishwa daraja kwa pointi 3,000 za BP (Blueberry Points) kupitia kompyuta ya chumba cha klabu ya Ligi. Kabla ya hapo unaweza kuizunguka nyika yote usione hata mmoja. BP hupatikana kwa kutimiza kazi ndogo zinazokuja kwenye skrini ukiwa Terarium, na anayezifanya pamoja na wenzake mtandaoni huzikusanya haraka zaidi kuliko anayezifanya peke yake. Ushauri wangu ni kuanza na eneo lenye Pokémon unayemtaka kwa dhati, maana pointi 12,000 za maeneo yote manne ni kazi ya siku nyingi.

Zoroark wa Hisui, aliyetangazwa kuwa zawadi ya ununuzi, alikuwa kwa walionunua mapema, na muda wake ulikwisha tarehe 31 Oktoba 2023. Aliyenunua baada ya hapo hajanyimwa haki yake.

Pokémon anayekataa amri naye huwatisha wengi waliokwenda Kitakami mapema. Utii hupimwa kwa beji za Victory Road pamoja na kiwango alichokuwa nacho Pokémon siku ulipomkamata. Asiye na beji hutiiwa na waliokamatwa wakiwa na kiwango cha 20 au chini, kila beji huongeza kiwango cha tano, na beji ya nane huondoa kikomo chote. Ukikamata Kitakami kiumbe cha kiwango cha juu kuliko beji zako, kitalala vitani mpaka urudi Paldea kuongeza beji.

Kuhusu Blueberry Academy, jambo linalodhaniwa kuwa hitilafu ni ugumu. Mapambano ya huko mengi ni ya wawili kwa wawili, na wapinzani hubeba vifaa na kutumia mbinu za kushirikiana ambazo Paldea haikukuzoesha. Timu inayomtegemea shujaa mmoja mwenye kiwango kikubwa itaanguka. Panga angalau jozi mbili zinazosaidiana, mpe mmoja wao mbinu ya Protect, na uepuke mashambulizi yanayompiga mwenzake aliyesimama ubavuni.

Dalili ya saba: marafiki zangu hawaniungi mtandaoni

Hadithi ya upanuzi haihitaji intaneti wala usajili wa kulipia. Kubadilishana na watu walio mbali, mapambano ya pamoja, na Union Circle (kundi la kucheza pamoja) ya mtandaoni huhitaji usajili wa Nintendo Switch Online. Kabla ya kulaumu mtandao, linganisheni namba za toleo la mchezo, kila mmoja kwenye konsoli yake: mmoja akiwa nyuma kwa toleo, hamtaunganika. Asiyenunua upanuzi akisasisha mchezo wake anaweza kupokea kwa kubadilishana Pokémon waliorejeshwa na upanuzi, hata kama Kitakami hataingia.

Dalili ya nane: nimemaliza yote, Pecharunt yuko wapi?

Pecharunt ni Pokémon wa hitimisho la Mochi Mayhem. Mochi Mayhem hudai The Teal Mask na The Indigo Disk ziwe zimekwisha, pamoja na kifaa maalumu kiitwacho Mythical Pecha Berry, ambacho hakiokotwi popote katika mchezo. Kinapokewa kupitia Mystery Gift, sehemu ya kupokea zawadi ndani ya menyu ya Poké Portal, kwa kuchagua kupokea kwa njia ya intaneti. Intaneti inahitajika kwa hatua hiyo, ila usajili wa kulipia hauhitajiki. Ukishakipata, fungua mkoba na uthibitishe kuwa kimo katika vifaa muhimu, kisha rudi Kitakami, katika mji wa Mossui, uende kwenye duka la Peachy's. Ukifika dukani na pasitokee lolote, angalia tena mkoba. Wengi hufungua orodha ya zawadi, wakaiona imeandikwa, wakatoka bila kuipokea.